Namna ya kuchagua trekta ya bei nafuu ya kufyekea eneo kubwa

Juzi shemeji yangu alinitumia picha ya mashine ya kukalia, ile yenye mikono miwili badala ya usukani, inayogeuka palepale iliposimama. "Shemeji, niilipie?" Nikamwambia asithubutu mpaka nifike. Ana ekari 8, nusu yake mtelemko, nyasi zinafika kiunoni na visiki vimejificha humo. Mashine ile ni ya uwanja wa mpira. Tulishinda siku mbili tukizunguka kutafuta inayomfaa, na haya ndiyo tuliyofuata.

Hatua ya 1: Pima nyasi kabla ya kupima ardhi

Kila mtu huanza kwa kutaja ekari. Ekari zitakuambia utatumia saa ngapi, lakini aina ya mashine utaambiwa na nyasi. Zunguka eneo lote kwa miguu ukiwa na vigingi na vitambaa vyekundu. Utakuwa unakata kila wiki au mara tatu kwa mwaka? Mashina ni laini, au yamefika unene wa kidole gumba? Kila kisiki, jiwe na kichuguu kiwekee kigingi, na usiving'oe, maana utavihitaji siku ya kwanza ya kazi.

Hesabu ya saa ni hii: upana wa kukata kwa mita, zidisha kwa mwendo wa kilomita kwa saa, gawanya kwa 10. Hizo ni hekta kwa saa. Punguza asilimia 20 ya kugeuza na kurudia palipobaki. Mashine ya kusukuma ya nusu mita kwa mwendo wa kilomita 4 inatoa hekta 0.16 kwa saa. Ekari 8 ni hekta 3.2, kwa hiyo shemeji angesukuma saa 20. Slasha, yaani kikatio kinachofungwa nyuma ya trekta, ya mita 1.5 kwa kilomita 5 inamaliza kwa saa tano na nusu hivi.

Hatua ya 2: Chagua kundi

Eneo tambarare, nyasi fupi, unakata kila wiki: nunua mashine ya kukalia. Utaridhika, na mwongozo huu huuhitaji tena.

Eneo lenye mtelemko, futa kabisa wazo la ile ya mikono miwili. Inasimama kwa kutegemea tairi za nyuma peke yake, na nyasi zikiwa na umande hushuka nayo kama sabuni kwenye sakafu. Mtelemko ukizidi nyuzi 15, mimi sipandi na mashine yoyote ya kukalia. Hapo nafyeka kwa mkono.

Eneo dogo lenye vichaka, ekari 2 au 3, trekta ya magurudumu mawili, ile ya kutembea nyuma yake, inadharauliwa bure. Ikifungwa kikatio cha mbele inaingia mahali ambapo trekta kubwa haigeuki.

Zaidi ya hapo, nyasi ndefu na mashina, ni trekta ya magurudumu manne na slasha nyuma. Mashine ya kukalia ukiilazimisha kazi hii, mkanda utaungua, kisha giaboksi yake ndogo ya mafuta itachoka, na hiyo mara nyingi haifunguliki kutengenezwa. Trekta kuukuu ya dizeli iliyo nzima ni bora kuliko mashine mpya ya bustani ya bei ileile. Nimeshabishana na watu wengi juu ya hili na sijabadili mawazo.

Hatua ya 3: Hospawa

Slasha ya kawaida inataka kama hospawa 16 kwa kila mita ya upana, zikipimwa kwenye PTO (shafti ya nyuma ya trekta inayozungusha slasha) na si kwenye injini. Muuzaji atakutajia za injini. Punguza kama asilimia 15. Slasha ya mita 1.5 basi inataka trekta ya hospawa 30. Ukiongeza zaidi ya hapo, iwe kwa sababu una kazi nyingine kama plau au trela.

Hatua ya 4: Jua PTO ni ya aina gani

Shafti ya nyuma inayozungusha slasha kwa kawaida ina meno 6, kipenyo cha milimita 35, na huzunguka mara 540 kwa dakika. Hesabu meno kwa kidole. Ukikuta 21, hiyo ni ya mizunguko 1000, na slasha ya 540 ukiifunga hapo utaipasua.

Kisha uliza klachi. Trekta za zamani sana, mfano Ferguson TE20 iliyoanza kutengenezwa mwaka 1946, ukikanyaga klachi unasimamisha magurudumu na PTO kwa pamoja. Zilizokuja baadaye, mfano Massey Ferguson 135 ya mwaka 1964, nyingi zina klachi ya hatua mbili: ukikanyaga nusu magurudumu yanasimama na slasha inaendelea, ukikanyaga hadi chini vyote vinasimama. Lakini hata 135 zipo zilizotoka bila hiyo, kwa hiyo usiamini jina kwenye boneti. Jaribu mwenyewe.

Kwa nini nasisitiza? Visu vya slasha ni vizito na havisimami mara moja. Kwenye trekta ya aina ya kwanza, unakanyaga klachi karibu na ua, na visu vinavyozunguka vinairudishia giaboksi nguvu na kuisukuma trekta mbele. Mguu uko kwenye klachi na trekta inaendelea kwenda. Dawa yake ni kipande kinachofanya kazi kama friwili ya baiskeli, kinachopachikwa kwenye shafti ya PTO. Kipande hicho kinaongeza urefu, kwa hiyo propela, ile shafti ya kati inayounganisha PTO na slasha, lazima ikatwe. Isipokatwa, siku utakayonyanyua slasha itagota na kusukuma beringi za giaboksi. Ukikata, hakikisha mabomba mawili ya propela bado yameingiliana angalau theluthi ya urefu wake.

Hatua ya 5: Kagua trekta ikiwa baridi, kisha ikague ikiwa moto

Hapa ndipo nilipopigwa.

Trekta yangu ya kwanza niliikuta inanguruma. Muuzaji, mzee mmoja mpole sana, aliniambia, "Nimekupashia moto, mwanangu, usije ukasubiri." Nikamshukuru! Ikaenda vizuri, nikalipa, nikaipakia. Asubuhi yake haikuwaka. Nikadhani kuna hewa kwenye mfumo wa dizeli, nikalegeza nati za nozeli moja moja, nikapampu kwa mkono, dizeli ikanimwagikia mpaka kwenye viatu. Nikabadilisha filta. Nikaazima betri. Saa sita ziliisha, jua likazama. Siku ya pili jirani akaivuta, ikawaka kwa moshi mweupe uliofunika uwanja mzima. Fundi alipofika aliweka kiganja juu ya tundu la kujazia oili, akacheka. Kompresheni ilikuwa imekwisha. Injini ya dizeli haina plagi za cheche, huwasha mafuta kwa joto la hewa iliyobanwa. Ringi za pistoni zikichakaa, asubuhi ya baridi joto hilo halifiki, lakini injini ikishapata moto inajidai nzima.

Kwa hiyo: mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, na ukifika weka mkono kwenye injini kabla ya salamu ndefu. Ikiwa na uvuguvugu, mwambie utarudi kesho. Akikasirika, usirudi.

Ikiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta (kamwe usifanye hivyo ikiwa moto) uangalie kama kuna utando wa oili juu ya maji. Chomoa kijiti cha oili. Rangi ya chai ya maziwa maana yake maji yameingia. Fanya hivyohivyo kwa oili ya giaboksi na haidroliki (mfumo wa kunyanyulia slasha), ingawa pale maji kidogo huingia kupitia mpira uliochanika wa gia na si mwisho wa dunia.

Washa. Moshi mweupe wa sekunde chache asubuhi ni kawaida. Ukiendelea baada ya injini kupata moto, shaka. Wa bluu ni oili inayoungua. Mweusi unapovuta mzigo huenda ni filta ya hewa tu imeziba. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma polepole: mvuke mwepesi sawa, lakini ukipuliza kwa mapigo kama mtu anayehema, ndicho kile kiganja cha fundi kilichoona.

Sasa haidroliki, na hapa wengi huondoka mapema. Oili baridi ni nzito na inaficha pampu iliyochoka. Kwa hiyo nyanyua slasha kwanza ikiwa baridi, kisha fanya kazi ya kweli kwa saa nzima, kata nyasi, panda mtelemko, halafu nyanyua tena. Ikishindwa au ikinyanyuka kwa kusuasua, pampu au sili za ndani zimekwisha. Ikiwa juu, angalia mikono ya trekta inayoibeba: ikiruka kidogo kila sekunde chache, kuna mahali inavuja na pampu inajazia. Zima injini, pima kwa kijiti kutoka ardhini hadi chini ya slasha, pima tena baada ya dakika 10. Kushuka kidogo kwenye trekta ya miaka 40 kunavumilika. Ikifika chini kabla hujamaliza kusalimiana na waliokuja kutazama, punguza bei au ondoka.

Katika saa hiyohiyo, shuka mtelemko mpole ukiwa kwenye gia ndogo, mguu umeachia mafuta. Gia ikiruka yenyewe, giaboksi inataka kufunguliwa. Jaribu breki ya kulia na ya kushoto kila moja peke yake. Nyanyua ekseli ya mbele kwa jeki na utikise gurudumu juu na chini.

Mita ya saa usiitazame. Tazama kanyagio za klachi na breki zilivyolika, na matundu ya pini kwenye mikono ya chini: yakiwa na umbo la yai, trekta imefanya kazi nyingi, mita iseme inachotaka. Rangi mpya inayong'aa ipite kwa ukucha kwenye hozi na vichwa vya boliti. Aliyepaka rangi juu ya uchafu ana jambo.

Tairi za nyuma zihesabu kama sehemu ya bei, kwani jozi mpya huweza kukushtua. Kama zimejazwa maji ya chumvi kwa ajili ya uzito, chunguza kutu kwenye ringi kuzunguka valvu.

Hatua ya 6: Spea

Kabla ya kulipa, tafuta bei na upatikanaji wa vitu vitatu: sahani ya klachi, pampu ya haidroliki, filta. Trekta ndogo za Kijapani zilizotumika ni nzuri sana kazini, lakini nyingine zilitengenezwa kwa soko la kwao tu, na maandishi ya kwenye levya utayasoma kwa kubahatisha. Ukiwa na fundi anayezijua, nunua. Usipokuwa naye, chukua iliyozoeleka.

Hatua ya 7: Fremu ya kinga

Trekta ikikosa fremu ya chuma juu ya kiti, ongeza bei ya kuifunga kwenye hesabu yako. Trekta kupinduka ndicho kifo cha kawaida cha madereva wake, na Uswidi ililazimisha fremu kwenye trekta mpya tangu mwaka 1959. Penye fremu, funga mkanda. Pasipo na fremu mkanda usifungwe, maana utakubana chini yake.

Hatua ya 8: Slasha

Nunua iliyotumika. Angalia visu vinakunja vikigonga jiwe, minyororo ya mbele na nyuma ipo ya kuzuia mawe yasiruke, na oili ya giaboksi haijakauka. Usiingie chini yake ikiwa imenyanyuliwa na haidroliki peke yake. Weka magogo kwanza.

Shemeji alichukua ya hospawa 35, tairi za nyuma zimepasukapasuka, injini iliwaka baridi kwa mara ya kwanza. Jumamosi alikata sehemu ya tambarare, akapita kando ya vigingi vyote isipokuwa kimoja ambacho mbuzi walikiangusha. Kisu kimepinda, boliti ya kinga kwenye propela imekatika kama inavyotakiwa, na giaboksi iko salama. Amenunua boliti kumi za akiba.