SOMO: Namna ya kufundisha watu kutambua wadudu

Kila wiki naletewa picha yenye ukungu na swali lilelile: "Huyu ni mdudu gani, nikawaambie wanafunzi?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo naandika hapa mara moja. Usianze na jina, anza na kuangalia.

1. Kikundi kiwe kidogo. Watu kumi wanatosha.

2. Beba chupa angavu zenye mfuniko uliotobolewa, lenzi na daftari. Chupa isikae juani. Kila mdudu na chupa yake, maana vunjajungu hula wenzake.

3. Waangalie dakika mbili huku umenyamaza. Kisha uliza wameona nini.

4. Wahesabu miguu. Hapa ndipo nilipoharibu. Nilitangaza kwamba chenye miguu zaidi ya sita si mdudu. Mtoto mmoja akaniletea kiwavi, nikamkatalia mbele ya wenzake. Akaenda kumlea kwa majani, na baada ya wiki kadhaa akarudi na kipepeo: "Na huyu je?" Iliniuma, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa ameangalia. Miguu halisi ya kiwavi ni sita, iko karibu na kichwa na ina viungo. Ile minene ya nyuma ni vishikio vya nyama tu. Kwa hiyo sema "mdudu aliyekomaa", kila mara. Onya pia kwamba funza wa nzi hana mguu hata mmoja, na kwamba vunjajungu akikunja ile ya mbele watu huhesabu minne. Mtu akikosea, mrudishie lenzi, usimpe jibu.

5. Mabawa. Nzi ana mawili, nyuki manne. Wapo nzi wenye mistari kama ya nyuki na hawaumi. Mabawa magumu ya mbawakawa hukutana kwa mstari ulionyooka mgongoni. Ya jamii ya kunguni kwa kawaida hupishana.

6. Jina lije mwisho, tena liishie pale ushahidi unapoishia. Mbawakawa wenye majina ya kisayansi wanazidi 350,000. "Jamii ya mbawakawa" ni jibu zuri.

7. Mrudishe mdudu mlipomtoa.

MASWALI

kiwavi_kijani: Mkuu, somo refu. Tupe orodha ya majina tu.
– Hatua ya 6.

bawa4: Buibui umemsahau kwenye wadudu.
– Sijamsahau. Ana miguu minane. Rudi hatua ya 4.

mamaJ: Mwalimu, kuna kipepeo nimemhesabu mara tatu, ana minne. Nimekosea?
– Hujakosea dada, umeangalia vizuri sana! Kuna familia kubwa ya vipepeo ambao miguu ya mbele imekuwa mifupi mno, wanaikunja kifuani. Mtazame kwa lenzi kutoka ubavuni utaiona.

mamaJ: Nimeiona! Na kumbikumbi nitamtofautishaje na sisimizi mwenye mabawa?
– Kiuno. Sisimizi amebanwa kiunoni na vipapasio vyake vina kiwiko. Kumbikumbi hana kiuno, vipapasio vimenyooka, mabawa yote manne yanalingana. Ukoo wake ni wa mende.

usiku_mwema: Mimi huning'iniza shuka jeupe na taa usiku, nondo wanakuja wenyewe. Watoto hawataki kulala.
– Njia nzuri mno, nami naitumia. Ila zima taa mkimaliza na ulikung'ute shuka taratibu, alfajiri ndege wasiwakute hapo.