Somo: Kumpeleka mgonjwa kwenye tiba shufaa bila kumtupa

Somo hili ni la madaktari, matabibu, wauguzi na wafamasia wanaohudumia watu wenye maradhi yasiyopona. Timu za tiba shufaa (huduma ya kumtuliza mgonjwa maumivu na mateso mengine ya maradhi) na hospisi (taasisi zinazotoa tiba hiyo) wengi wetu tunazijua, ila tunazikumbuka mgonjwa akiwa amebakiza siku chache. Hapo hata wawe hodari vipi, muda wa kumjua mtu wao hawana.

Hatua ya 1: Usingoje matibabu yagonge mwamba

Jiulize: "Nitashangaa mgonjwa huyu akifariki ndani ya miezi 12 ijayo?" Kama hutashangaa, anza mazungumzo. Si saratani peke yake. Moyo, figo, ini na mapafu yaliyochoka yamo pia. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliofuatilia wagonjwa wa saratani ya mapafu iliyosambaa. Waliopata tiba shufaa mapema, sambamba na matibabu ya kawaida, walikuwa na hali bora ya maisha na hawakusongwa sana na sonona. Tena waliishi muda mrefu zaidi, ingawa wachache kati yao ndio waliopewa matibabu makali mwishoni.

Hatua ya 2: Zungumza na mgonjwa kabla hujapiga simu

Mgonjwa akiona mgeni kasimama kitandani anasema katoka hospisi, anaelewa jambo moja tu: nimekatiwa tamaa. Mwambie mapema: "Nawaomba wenzangu waliobobea katika kutuliza maumivu tushirikiane kukuhudumia. Mimi bado ni daktari wako." Hilo la mwisho usiliseme kama humaanishi.

Hatua ya 3: Andika barua inayosomeka

Hapa ndipo tunapoharibu kazi. Barua nyingi ni za namna hii: "Saratani ya mlango wa kizazi, hatua ya 4. Tafadhali mpokeeni." Anayeipokea anaanza upya kila kitu, na mgonjwa anaulizwa maswali aliyokwisha kujibu mara kumi. Linganisha na hii:

"Mama wa miaka 52, saratani ya mlango wa kizazi hatua ya 4. Mirija ya mkojo imeanza kubanwa, vipimo vya figo nimeambatanisha. Anatumia mofini ya maji miligramu 10 kila saa 4. Mchana ametulia, usiku maumivu yanamwamsha. Hapati choo siku ya nne. Anajua ana saratani, hajui kwamba mionzi haitaendelea. Kijana wake mkubwa anaomba asiambiwe. Mwenyewe amesema hataki kulazwa tena."

Sentensi tatu za mwisho hazimo kwenye kipimo chochote cha maabara, na ndizo timu itakazozihitaji kwanza ikifika nyumbani. Ile ya figo nayo ina uzito wake: figo zikidhoofu, mabaki ya mofini, hiyo dawa ya maumivu makali, hujilimbikiza mwilini, mgonjwa akasinzia kupita kiasi au misuli ikarukaruka. Bila taarifa hiyo, anayeongeza dozi anatembea gizani.

Hatua ya 4: Gawaneni kazi kwa maandishi

Nani anaandika mofini? Awe mmoja tu, wengine wapendekeze kwake. Nani anafuatilia presha na sukari, na dawa zipi sasa zisimamishwe? Familia impigie nani saa nane usiku? Swali hili la mwisho lisipojibiwa, mgonjwa aliyetaka kufia nyumbani ataishia mapokezi ya dharura, mbele ya daktari asiyemjua.

Hatua ya 5: Rudisha taarifa

Mgonjwa akilazwa kwako, wajulishe hospisi siku hiyohiyo. Dozi ikibadilika, wajulishe. Akifariki, kliniki zote alizokuwa akihudhuria zipate habari. Mjane kupigiwa simu kuulizwa mbona mumewe hakuja kliniki ni aibu yetu sote.

MASWALI YA WANACHAMA

Muuguzi, wodi ya upasuaji: Shikamoo mwalimu. Mgonjwa bado anapata kemo (dawa za kuua seli za saratani). Si tutaonekana tunachanganya mambo?

Marahaba. Hapana. Kemo inapambana na uvimbe, timu ya tiba shufaa inashughulika na maumivu, kichefuchefu, hofu na usingizi. Utaratibu wa baadhi ya hospisi ni kupokea tu waliomaliza matibabu, kwa hiyo ulizia. Tiba shufaa yenyewe haina sharti hilo.

Tabibu: Ndugu wanakataa mofini, wanasema ni ya kumalizia watu.

Usibishane nao, waulize wamemwona nani akiitumia. Mara nyingi walimwona mtu aliyeanzishiwa siku ya mwisho, wakaihesabu dawa kuwa ndiyo iliyoua. Eleza kwamba inaanza kwa dozi ndogo na kupandishwa kwa kufuata maumivu. Na tangu siku ya kwanza mwandikie dawa ya kulainisha choo, kwa sababu kinachowafanya wengi waache mofini ni tumbo kufunga.

Mfamasia: Mgonjwa anatumia mofini miligramu 60 kwa siku kwa mdomo, sasa hamezi. Nimepokea maelekezo ya miligramu 30 kwa siku kwa sindano chini ya ngozi. Wamekosea?

Hawajakosea. Ya sindano chini ya ngozi kwa kawaida huwa nusu ya ile ya mdomo. Ila umefanya vizuri kuuliza; kama maelekezo hayaonyeshi hesabu, piga simu kabla ya kutoa. Ulizia na figo.

Daktari wa zamu: Kijana asiyetaka mama aambiwe tumfanyeje?

Muulize anaogopa nini hasa, maana mara nyingi anamkinga mama kwa mapenzi. Mwahidi hutamlazimishia mama habari, na mweleze kwamba mama akiuliza hutamdanganya. Kisha muulize mama mwenyewe angependa kujua kiasi gani, na nani awepo. Jibu lake liandike kwenye faili na uwatumie hospisi, wasije wakaambiwa kingine mlangoni.

Muuguzi: Na kama hospisi imebadilisha dozi yangu bila kuniambia?

Piga simu, uliza sababu. Usiirudishe ya zamani kimyakimya; mgonjwa ndiye atakayelala na maumivu mkivutana.