Mashine Ikikwama, Zima Injini Kabla ya Kuingiza Mkono

Ndugu wakulima, kosa hili tumelionya mara nyingi na bado linarudiwa kila msimu wa kupukuchua: mashine inakwama, injini inaendelea kunguruma, na mtu anaingiza mkono kuchomoa magunzi. Jinsi ya kuwasha mashine na kujaza dizeli mnajua, sitagusa huko. Nataka tuongelee zile dakika chache za kukwamua, iwe ni mashine ya kupukuchua mahindi au ya kukata majani, maana vidole vingi vinapotea hapo.

Najua kwa nini watu hawazimi. Injini ya kuwasha kwa hendeli inachosha, magunia yanasubiri, na mwendeshaji anaona akishusha akseleta inatosha. Haitoshi. Injini iliyopunguzwa mwendo bado inavuta mkanda, na mkanda bado unasukuma ile ngoma yenye meno. Kilichoizuia ngoma ni gunzi tu. Ukilitoa hilo gunzi, ngoma inaruka papo hapo na mkono wako bado umo ndani. Kwa hiyo anayeumia mara nyingi ni yule aliyefanikiwa kukwamua.

Kwa wanaotumia trekta, pigeni hesabu hii. Shafti ya PTO, yaani ule mhimili unaotoa nguvu kwenye trekta kwenda kwenye mashine, kwa kawaida huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kwa sekunde. Shafti yenye kipenyo cha sentimita 7.5 ina mzingo wa karibu sentimita 24. Zidisha kwa 9: ndani ya sekunde moja inaviringisha zaidi ya mita 2 za nguo. Koti lisilofungwa vifungo au ncha ya shuka ikinaswa, hutapata muda wa kumwita mwenzako. Usiivuke shafti inayozunguka, hata kama njia ya kuzunguka trekta ni ndefu.

Sasa utaratibu wenyewe, na tafadhali msiruke hatua. Kwenye trekta, tenga PTO, weka gia huru, vuta breki ya mkono, zima injini, kisha ufunguo uingie mfukoni mwako wewe unayekwamua. Usimwachie dereva. Mota ya umeme ichomolewe kwenye soketi. Kuzima swichi peke yake hakukubaliki, kwa sababu mtu anaweza kuiwasha bila kujua kwamba uko upande wa pili. Na kama umeme umekatika wenyewe, usidhani mashine imezimika. Umeme ukirudi wakati mkono wako uko kwenye visu, hakuna wa kuuzuia.

Halafu subiri. Hapa ndipo uvumilivu unawashinda wengi. Gurudumu zito la mashine ya kukata majani laweza kuendelea kuzunguka dakika nzima au zaidi baada ya injini kuzimwa. Usilizuie kwa mti wala kwa mguu. Litazame kwa macho hadi lisimame kabisa, ongeza sekunde 30, kisha vua mkanda kwenye puli. Ingiza kabari ya mbao kwenye gurudumu ili lisisogee, kwa sababu ukilizungusha hata robo mzunguko kwa mkono, visu navyo vinazunguka. Baada ya hapo chokoa uchafu kwa ndoano yenye urefu wa sentimita 60 au zaidi. Ndoano hiyo haitumiki mashine ikiwa inazunguka! Itavutwa ndani pamoja na mkono ulioishika, au itarushwa usoni.

Pimeni pia mfereji wa kulishia, ule unaopitisha mahindi au majani kuingia kwenye mashine, leo hii, kwa utepe. Uwe na urefu usiopungua sentimita 90, na sentimita 45 za upande wa visu au ngoma ziwe zimefunikwa juu. Mkono wa mtu mzima una urefu wa karibu sentimita 70, kwa hiyo mfereji wa sentimita 40 unafikisha vidole kwenye visu. Fundi akikuletea wa namna hiyo, mrudishie.

Kukwama kwenyewe mara nyingi kunatokana na mahindi mabichi. Chukua chupa kavu yenye kifuniko, jaza punje hadi theluthi, ongeza vijiko 2 au 3 vya chumvi kavu, tikisa kwa nguvu dakika 1, iache dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15: rudisha mahindi juani. Yakikauka vizuri, mashine hukwama mara chache na punje hutoka nzima.

Kabla ya kuwasha tena, rudisha kinga zote na uzifunge kwa bolti zake, siyo kwa waya. Aliyeweka kabari ndiye aiondoe mwenyewe, ahakikishe kila mtu amesogea na watoto hawako karibu, ndipo atoe ufunguo mfukoni.