Jaribu sheria kwa Prolog kabla hujabishana nayo barazani

Hapa Mombasa mabishano ya sheria na haki hayakosekani, kaa tu barazani jioni na kikombe cha kahawa chungu utayapata, shida ni kuwa kila mtu anabadilisha maana ya neno katikati ya mabishano na hakuna anayegundua, na mimi ni mmoja wao. Ndo maana nimezoea kuyaandika kwa kompyuta kwanza, kwa Prolog, lugha ya programu ambayo unaiandikia ukweli na kanuni, alafu unaiuliza maswali. Si ati kompyuta ndo iamue, hapana, ni inikamate pale ninapojidanganya.

Mfano nitautumia mmoja tu. Ni wa H.L.A. Hart, mwanafalsafa wa sheria wa Oxford, aliutoa 1958: sheria inakataza gari kuingia bustanini, je baiskeli nayo? Viatu vya magurudumu je? Sisi tuseme bustani ni pale Mama Ngina kando ya bahari, na sheria ni ya kubuni, msije mkaniuliza niliiona wapi.

Hatua 1: programu

Weka SWI-Prolog, ni ya bure, na kama laptop yako imejaa kuna SWISH inayofanya kazi kwa brauza. Prolog ni mzee, ilizaliwa Marseille mwanzo wa miaka ya 1970, lakini kwa sheria bado iko vizuri: 1986 watafiti wa Imperial College London walionyesha walivyoandika nayo sehemu kubwa ya sheria ya uraia ya Uingereza ya 1981. Na majina unayaweka Kiswahili bila shida yoyote.

Hatua 2: andika vitu, alafu sheria

```
:- dynamic dharura/1.
ina_magurudumu(tuktuk).
ina_magurudumu(mkokoteni).
ina_magurudumu(ambulensi).
ina_magurudumu(kiti_cha_mgonjwa).
ina_injini(tuktuk).
ina_injini(ambulensi).
ina_injini(jenereta).

gari(X) :- ina_magurudumu(X).
marufuku(X) :- gari(X).
```

Mstari wa kwanza unaiambia tu Prolog kuwa habari za dharura zitakuja baadaye. Kwenye sheria `:-` isome "ikiwa", na mkato usome "na". Vitu vyote herufi ndogo mwanzo, tafadhali. Mimi siku moja niliandika dharura(Ambulensi) na A kubwa, kumbe Prolog ikiona herufi kubwa inaelewa "kitu chochote", basi kila kitu kikawa dharura hadi lori la mchanga, na nikakaa nusu saa natafuta kosa kwenye falsafa yangu.

Sasa uliza `marufuku(X).` na ubonyeze nukta-mkato upate majibu yote. Utaona kiti cha mgonjwa kimefukuzwa. Haya, badilisha, gari liwe chenye injini: kiti kimepona lakini jenereta ya muuza juisi imekuwa gari! Weka vyote viwili, `gari(X) :- ina_magurudumu(X), ina_injini(X).`, hapo wanabaki tuktuk na ambulensi. Na hiyo ni kabla hujakumbuka kuwa Kiswahili chetu kina gari la moshi na gari la ng'ombe, yani neno lenyewe halijali injini.

Hatua 3: dharura (usiikimbilie hii)

Badilisha mstari wa sheria:

```
marufuku(X) :- gari(X), \+ dharura(X).
```

Alama ya `\+` watu huisoma "si", na hapo ndo wanapopotea. Maana yake ni "haijathibitika kuwa". Hujaandika dharura(ambulensi)? Basi Prolog inachukulia hakuna dharura, na ambulensi inazuiwa getini na mgonjwa ndani. Kimya kimehesabiwa kuwa hapana.

Sasa jaribu kinyume: futa `\+ dharura(X)`, mahali pake andika `si_dharura(X)` na uongeze `si_dharura(tuktuk).` Sasa dereva hana cha kuthibitisha, askari wa geti ndo lazima athibitishe. Sheria kwa maneno ya kawaida bado ni ile ile, "gari marufuku isipokuwa dharura", lakini mzigo umehama bega. Katiba yetu ya 2010 kwenye kesi za jinai imeshachagua bega, ibara ya 50(2)(a), mshtakiwa hana hatia mpaka ithibitike. Kwa sheria yako ya bustani hakuna aliyekuchagulia, na ukiandika `\+` bila kufikiri ushachagua tayari. Kwa mfano wetu rudisha `\+ dharura(X)`, uongeze `dharura(ambulensi).`

Hatua 4: neno dhidi ya lengo

Lon Fuller, mwanafalsafa wa sheria wa Marekani, alimjibu Hart mwaka ule ule: je wazalendo wakitaka kuweka bustanini lori la vita vya pili vya dunia kama kumbukumbu? Tuseme lengo la sheria yetu ni kuzuia hatari bustanini. Liongeze lori_la_kumbukumbu kwenye magurudumu na injini, alafu:

```
huleta_hatari(tuktuk).
huleta_hatari(mkokoteni).
ugomvi(X) :- marufuku(X), \+ huleta_hatari(X).
ugomvi(X) :- huleta_hatari(X), \+ marufuku(X).
```

Uliza `ugomvi(X).` Yanatoka mawili, lori na mkokoteni: moja neno linalikataza na lengo halina shida nalo, la pili kinyume chake. Orodha hii ndo unayoitafuta, mengine yote ni maandalizi. Ila angalia, nani kasema mkokoteni ni hatari? Ni mimi, kwa sababu siku ya Idi nusura unikanyage mguu.

Hatua 5: peleka kwa watu

Usijijibu mwenyewe. Mimi niliwapelekea hamali wa soko la Marikiti, nikawaeleza bustani na sheria na dharura, mzee mmoja akasikiliza mpaka mwisho akaniuliza, "Na mimi nikiwa nimepakia mgonjwa kwa mkokoteni, mwanangu, hiyo mashine yako itasemaje?"

Kuhusu mgonjwa wake haikuwa na la kusema. Dharura nilikuwa nimeibandika kwa chombo wakati dharura ni ya safari, ambulensi tupu inayokwenda kununua madafu haina dharura yoyote. Kwa hivyo rudi hatua ya pili, badala ya kitu kimoja andika viwili, `safari(mkokoteni, mgonjwa).` na `safari(ambulensi, madafu).`, na sheria zote uzipange upya juu ya hizo.