Bolti za silinda hedi: zipi unarudishia, zipi unatupa

Gari ikishaunguza gasketi, ile inayokaa kati ya bloku (mwili wa injini) na hedi (sehemu ya juu yake), hedi iko kwa wachongaji, fundi anakupigia simu anakwambia boss bolti ziko freshi tunarudishia hizihizi. Na wewe kwa vile ushatoa hela ya gasketi, ya kuchonga, ya oili na kolanti, unajibu sawa fundi endelea. Subiri kwanza. Fundi anaweza kuwa sahihi kabisa, ila muulize amejuaje, akikwambia kwa macho basi hajajua.

Ntatumia 1NZ kama mfano, injini ya IST, Probox, Vitz za 1500, Spacio, maana ndo imejaa magereji ya huku. Bolti zake za hedi ziko kumi.

Bolti ya hedi ifikirie kama springi. Unapoikaza inavutika kidogo, ule mvuto wake wa kutaka kurudi ndo unabana hedi, gasketi na bloku pamoja. Hedi ni ya aluminiamu, ikichemka inatanuka kuliko chuma cha bolti kwa hiyo bolti inavutwa zaidi, injini ikipoa inarudi, na hivo hivo kila siku unapowasha na kuzima. Sasa injini nyingi za siku hizi bolti inakazwa hadi karibu na pale chuma kinapoanza kukubali yaishe, na nyingine zinapitishwa hapo kabisa. Ikishapita inabaki ndefu, hairudi tena ilivyokuwa. Ukiikaza tena mara ya pili ya tatu inarefuka tu bila kubana, mwisho inakatika au gasketi inaanza kuvuja taratibu, unaona maji yanapungua kwenye rejeta na hujui yanaenda wapi.

Kuna magari huna haja ya kubishana. VW, BMW na wazungu wengi wa sasa kitabu chao kinasema bolti ya hedi ni ya kutumika mara moja, nunua mpya basi. Toyota yeye kwenye injini zake nyingi anasema pima, ikiwa ndani ya kipimo rudishia. Hiyo "pima" ndo inayorukwa gereji.

Kupima kunaanzia kwenye kufungua. Injini iwe ya baridi kabisa, unalegeza kuanzia bolti za pembeni unakuja katikati, kidogo kidogo kwa raundi kadhaa, using'oe moja yote ukahamia nyingine, utapinda hedi. Chukua boksi gumu litoboe matundu kumi kwa mpangilio uleule wa hedi, kila bolti ikae tundu lake. Baadae ukikuta moja ina kutu unajua ilitoka wapi, na mara nyingi ni palepale gasketi ilipoungulia.

Osha kwa mafuta ya taa na brashi, kausha, zipange juu ya kioo au meza iliyonyooka kweli. Kitu cha kwanza ni kiuno. Bolti iliyovutika inakonda sehemu moja, kwa kawaida pale kwenye uzi usioingiaga kwenye bloku au juu yake kidogo. Macho yanaweza yasione, sasa chukua nati mpya ya saizi ileile, iingize kwa vidole tu kuanzia ncha. Ikiteleza mpaka mwisho wa uzi poa, ikigoma katikati na uzi ni msafi ujue pale uzi umeachana, bolti imevutika. Usiilazimishe kwa spana! Alafu shika venia, ile rula ya chuma yenye taya za kupimia, pima kipenyo sehemu kadhaa, na pima urefu kuanzia chini ya kichwa hadi ncha, andika kwenye karatasi zote kumi. Linganisha na kikomo cha kitabu cha injini yako, sio namba ya mshkaji mwenye injini nyingine. Hata kabla ya kitabu karatasi itakwambia kitu, tisa zikiwa zinafanana na moja imezidi basi ile imeshaenda. Na hapo mimi natupa zote kumi, kwa sababu ukichanganya mpya moja na zilizochoka tisa mbano haulingani, na gasketi ya bati inataka mbano sawa kila upande.

Nanunua mpya bila hata kupima kama injini ilichemka sana mpaka ikazima yenyewe, kama bolti ina mashimo ya kutu, au kama kuna dalili hedi ilishawahi kufunguliwa na sijui nani alikaza na alikazaje. Gari limetoka Japan mtumba, halafu limepita mikono mitatu hapa, historia utaitoa wapi? Na bolti za kwenye injini zilizochinjwa, zile zilizofunguliwa ziuzwe vipande, hapana jamani, ni kama kununua njiti ya kiberiti iliyokwisha kuwashwa. Mpya zikija ziweke ubavuni kwa zile za zamani: urefu, uzi, kichwa na washa yake vifanane. Zipo feki zinazopishana milimita kadhaa, zikizidi zinagota chini ya tundu.

Sasa matundu ya bloku, hapa ndo mimi niliumia. Nilinunua bolti mpya nzuri, gereji moja wakafunga bila kukausha matundu, maji ya kuoshea bloku yalikuwa yamebaki chini. Maji hayaminyiki, bolti ikishuka inayasukuma hayana pa kwenda, toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) ikalia mapema kwa raha zake huku hedi haijabanwa kitu. Wiki mbili oili ikawa chai ya maziwa. Na mimi nashukuru, maana wengine bloku inapasuka palepale. Kwa hiyo nyonya maji kwa sindano yenye mrija mwembamba, malizia kwa upepo wa kompresa huku umefunika tundu na tambara, vaa miwani. Uzi usiusafishe kwa tepu, kile kifaa cha kukatia uzi, inakula aluminiamu, chukua bolti moja ya zamani, ikate mifereji miwili mitatu kwa urefu wa uzi kwa grenda, ipitishe kwa mkono, uchafu wote unakaa kwenye mifereji.

Kukaza. Paka oili ya injini kidogo kwenye uzi na chini ya kichwa, kidogo sio kuichovya. Sehemu kubwa ya nguvu unayoweka kwenye spana, kama asilimia 90, inaliwa na msuguano, bolti yenyewe inavutwa na kinachobaki, ndo maana bolti kavu na yenye oili zikikazwa kwa namba ileile hazibani sawa, na ndo maana watengenezaji wakahamia kwenye kuzungusha bolti kwa digrii. 1NZ ni Nm 29 (newton mita, kipimo cha toki renchi) kwanza, unaanzia katikati unaenda nje, raundi mbili tatu mpaka zote zitulie. Kisha weka doa la tippex kwenye kila kichwa upande wa mbele ya injini, zungusha digrii 90 kwa mpangilio uleule, zikiisha zote rudia 90 nyingine. Mwisho madoa yote kumi yanatazama nyuma, kama kuna doa linatazama ubavuni umeruka bolti. Injini nyingine ina namba zake, Subaru za EJ kwa mfano unakaza, unalegeza zote, ndo unakaza tena, usihamishe hesabu.

Kwenye ile 90 ya mwisho mkono unatakiwa uhisi uzito unapanda. Ukihisi bolti imekuwa laini ghafla, inazunguka kama iko kwenye mkate, simama, itoe. Ikitoka na nyuzi za aluminiamu zimejiviringisha kwenye uzi wake basi tatizo ni bloku, hapo ni kuweka helikoili (springi ya waya inayokuwa uzi mpya) au bushi ya uzi kwa mtu mwenye vifaa vya kutoboa wima. 2AZ za mwanzo za RAV4 na Camry zilisifika kwa hilo, matundu ya nyuma, uzi ulikuwa mfupi na baadae Toyota wakaurefusha.

Ukishawasha ikachemka na feni ikakata, usikubali mtu arudi kuzikaza tena "kwa usalama", hiyo ilikuwa ya gasketi za zamani, hizi ukiongeza unazivuta bure. Acha ipoe usiku kucha, asubuhi angalia maji kwenye rejeta, chomoa dipstiki na ufungue mfuniko wa oili uchungulie chini yake kama kuna utelezi mweupe.