Namna ya kumrekodi mwanamuziki mkongwe na gitaa kavu, bila bendi

Wakuu, kama una mzee nyumbani au mtaani aliyewahi kuimba kwenye bendi na sa hivi gitaa lake linaning'inia tu ukutani, msimuwekee mdundo wa kompyuta. Mtafutie chumba kimya, gitaa kavu moja (lile lisilotumia umeme) na mtu wa kumsikiliza kwa utulivu.

Mimi mfano wangu mkubwa ni Johnny Cash, mwimbaji wa kantri wa Marekani. Kampuni yake ya rekodi, Columbia, walimwacha 1986 na wengi wakaona ndo kaisha, halafu 1994 akiwa na miaka 62 akatoa albamu ya American Recordings, nyimbo 13, sauti yake na gitaa basi. Prodyuza alikuwa Rick Rubin, mtu wa hip hop na roki, na nyimbo nyingi walirekodia sebuleni kwa Rubin kule Los Angeles na kwenye kibanda cha Cash mwenyewe Tennessee. Sebuleni! Na ikabeba Grammy. Kwetu nako gitaa kavu lina wenyewe, mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco alirekodiwa na Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, kule Jadotville (sasa Likasi), Katanga, Kongo, mwaka 1952, gitaa moja na Kiswahili chake, na mpaka leo watu wanahangaika kufuata vile vidole.

Anza na kii, yaani ule urefu wa sauti wimbo unapoimbiwa, hapa ndo wengi wanaharibu. Sauti ya mtu wa miaka 65 haiko pale ilipokuwa akiwa na 30, imeshuka na imepata mikwaruzo, sasa ukimlazimisha aimbe kii ya zamani atapiga kelele na utamsikia anavyoumia. Shusha. Wimbo uliokuwa G jaribuni E, na kama kodi (chords) za E zinamsumbua vidole apige za D aweke kapo, kile kibanio cha shingo ya gitaa, freti ya 2, itatoka E ileile. Arekodi kwa simu wiki nzima nyumbani asikilize mwenyewe achague, ye ndo anajua wapi pazuri.

Nyuzi mpya funga siku mbili kabla, zikifungwa siku ileile zitakuwa zinalegea kila baada ya wimbo mmoja.

Chumba kiwe na makochi, mapazia, magodoro yaegeshwe ukutani. Zima friji na feni. Kama paa ni bati angalia mvua, na mi naona usiku baada ya saa nne ndo muda mzuri kwa sababu bodaboda zimepungua na jogoo bado.

Maiki moja ya kondensa, ile ya studio inayonasa hata sauti ndogo, inatosha kabisa. Iweke usawa wa kifua kama sentimita 40 mbele yake, sauti ikimezwa na gitaa ipandishe kidogo. Ukiwa na ya pili ielekeze pale shingo ya gitaa inapokutana na mwili, karibu freti ya 12, usiielekeze kwenye tundu maana besi itavuma mpaka ukose maneno. Levo, yaani ukubwa wa sauti inayoingia kwenye mashine, iwe inacheza kwenye -12 dB, ukiona taa nyekundu punguza.

Sasa sikilizeni hili, aimbe na kupiga kwa pamoja. Tulimrekodi mjomba wangu gitaa kwanza halafu sauti juu yake, na metronomu (mlio wa kuhesabu mapigo) masikioni, kila kitu kikakaa sawa ila wimbo ukawa umekufa kabisa. Tukaondoa vyote, nikamuuliza huu wimbo ulimwandikia nani, akahadithia kama dakika kumi kuhusu marehemu shangazi, akanyamaza, akashika gitaa akaimba moja kwa moja na hiyo ndo tuliyotumia, hata pale alipovuta pumzi sikukata. Otochuni, ile programu ya kunyoosha sauti, nayo usiiguse. Mwache arudie mara tatu nne hivi, zaidi ya hapo apumzike anywe chai.

Ukimaliza nakili mafaili sehemu mbili hiyohiyo usiku. Na kama nyimbo ni utunzi wake akaziandikishe COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kwa jina lake, ila kwanza muisome mikataba yake ya zamani, maana wazee wengi rekodi zao za ujana zimeshikwa na watu wengine, na hii mpya kama mkataba haumzuii inakuwa masta (rekodi halisi) yake mwenyewe, ya kwanza maishani kwa baadhi yao.