Kabla hujanunua kifaa cha kupima rangi

Wapiga picha wenzangu wa Mtwara, kabla hujatoa hela, uliza kwanza: hicho kifaa kinasoma karatasi, au skrini tu? ColorMunki Display ni ya skrini. Haitakusaidia uso wa bibi harusi ukitoka mwekundu kwenye printa. ColorMunki Photo inasoma vyote viwili. Ni ya zamani, ila ukiipata ya mtumba ikiwa nzima, chukua, maana ArgyllCMS, programu ya kutengeneza profaili (faili la kurekebisha rangi za printa kwa wino na karatasi yako), ni ya bure na inaitambua.

Ukishachapa vipande vya rangi ambavyo kifaa kitavisoma ili kutengeneza profaili, viache vikauke mpaka kesho yake ndipo upime, hasa masika, unyevu wa pwani huu unachelewesha wino. Ukibadili wino au karatasi, pima upya. Anayetumia wino na karatasi za kampuni ya printa yake, profaili zao za bure zinamtosha.